Bonobo Mbele ya Mtazamaji: Jinsi Mnyama wa Kongo Alivyotambuliwa Katika Bustani za Ng'ambo

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna mnyama mmoja, ambaye makao yake ya asili yako Kongo peke yake, alivyojulikana duniani kwa macho ya watu waliosimama mbele ya vizimba katika bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Mnyama huyo ni bonobo. Vitabu vingi vya zuolojia husema kwamba alivumbuliwa mwaka 1929, katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, kwa kupimwa fuvu la kichwa chake. Sisi tunaona kwamba hiyo ni tarehe ya karatasi. Miaka 13 kabla ya hapo mtumishi wa bustani moja ya wanyama alikwisha kumshuku mnyama huyu kuwa wa aina ya peke yake, naye alifanya hivyo kwa kumtazama akiwa hai. Na zamani kabla ya mtumishi huyo kuzaliwa, wakazi wa msitu ulio kusini ya mto Kongo walikuwa wakimwita kwa jina lake. Kati ya yule aliyeona na yule aliyeandikwa kuwa ndiye aliyeona kuna umbali, na umbali huo ndio unaotushughulisha.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina neno sokwe, na wasomaji wa Mashariki ya Kongo wanajua pia umbo lake la zamani, soko, ambalo David Livingstone alilisikia Manyema katika miaka ya 1870 na 1871 na kuliandika katika shajara zake. Mapema mwaka 1871 alipewa soko mdogo wa kike ambaye mama yake alikuwa ameuawa. Akaandika jinsi mtoto huyo alivyonyoosha mkono ili abebwe. Kwa kuwa Manyema ya Livingstone ilikuwa upande wa mashariki ya Lualaba, wanyama aliowaeleza walikuwa sokwe wa kawaida. Bonobo hawavuki mto huo. Wataalamu wa leo wanakadiria kwamba mababu wa aina hizi mbili walitengana kati ya miaka milioni 1 na milioni 2 iliyopita, mto Kongo ukiwa kizuizi kati yao. Basi si ajabu kwamba Kiswahili, kilichoingia nchini kwa njia ya mashariki, hakikuwa na sababu ya kutofautisha: wasemaji wake walikutana na mmoja tu. Hata hivyo ukienda magharibi ya Kindu hadi kwenye mto Lomami, ambako mwaka 1994 wengi wangekuambia hakuna la kutafuta na ambako mwaka 2016 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Lomami, utafika mahali ambapo msemaji wa Kiswahili na bonobo ni majirani.

Sasa tugeukie upande wa watazamaji. Bustani ya Amsterdam, iitwayo Artis, ilianzishwa mwaka 1838, na ile ya Antwerpen mwaka 1843. Hazikuwa mahali pa burudani tu. Zilikuwa shule ya macho kwa watu wa mijini ambao hawangeiona Afrika maisha yao yote. Mtu alilipa kiingilio, akapita kutoka kizimba hadi kizimba, akasoma kibao, akacheka, akatupa kipande cha mkate. Mazoea hayo ya kutazama yalikuwa na nguvu kiasi cha kuvuka mpaka wa wanyama. Mwaka 1897, wakati wa maonyesho ya kimataifa ya Brussels, Wakongo 267 waliletwa Tervuren wakae katika vijiji vya kuigiza mbele ya umati wa wageni. 7 kati yao walifariki huko na kuzikwa huko. Wageni waliwatupia vyakula hata ikabidi kibao kiwekwe cha kukataza. Tena mwezi Septemba mwaka 1906, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, kijana Mkongo Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani pamoja na orangutanu, na kibao mbele yake kikataja urefu wake, uzito wake na mto Kasai alikotoka. Wachungaji weusi wa mji huo, wakiongozwa na James Gordon, walipinga mpaka akaondolewa. Ota Benga alijiua mwaka 1916 huko Lynchburg, Virginia. Taasisi inayomiliki bustani hiyo iliomba radhi mwaka 2020, yaani baada ya miaka 114. Tunalitaja jambo hili ili msomaji akumbuke kwamba macho tutakayoyasifu hivi punde yalitoka katika nyumba moja na macho haya. Mtu asidhani kutazama peke yake ni fadhila.

Mwaka huo huo wa 1916 ndipo alipokufa Mafuka, sokwe mashuhuri wa Artis, aliyekuwa amekaa hapo tangu mwaka 1911. Wakazi wa Amsterdam walimpenda, wakaenda kumtazama kwa wingi. Kwa watazamaji hao alikuwa sokwe mcheshi, basi. Lakini alikuwapo mtumishi wa bustani, Anton Portielje, ambaye kazi yake ilimweka mbele ya kizimba siku baada ya siku, na si kwa dakika kumi za Jumapili. Katika kitabu cha mwongozo cha mwaka 1916, kitabu ambacho mgeni alikinunua mlangoni ili ajue simba yuko wapi na tembo yuko wapi, Portielje aliandika kwamba Mafuka huenda akawa wa spishi mpya. Hakuwa na fuvu mkononi. Alikuwa na ulinganifu wa mnyama na mnyama: uso, umbo, tabia. Baadaye sana wataalamu walithibitisha kwamba Mafuka alikuwa bonobo.

Ni vema kupima uzito wa jambo hili. Maelfu ya watu walimwona bonobo hai katikati ya mji mkuu wa Uholanzi kwa miaka mitano, kabla sayansi haijasema kwamba bonobo yupo. Kila alama ambayo leo mwanafunzi wa biolojia huifundishwa ilikuwa wazi mbele yao: uso mweusi tangu utotoni, midomo yenye wekundu, nywele za kichwani zilizogawanyika katikati kana kwamba zimechanwa kwa kitana, mwili mwembamba, miguu mirefu, sauti nyembamba ya juu. Hakuna hata moja iliyofichwa. Mtu aweza kusema kwamba hapo Amsterdam hapakuwa mara ya kwanza, maana mganga Nicolaes Tulp wa mji huo huo alieleza mwaka 1641 mnyama aliyeletwa kutoka Angola kwa mtawala wa Uholanzi, na mtaalamu mmoja wa karne ya 20 alidai kwamba naye alikuwa bonobo. Mjadala huo haukuisha, nasi hatutauingilia.

Kisa cha pili ni cha Marekani. Mwaka 1923 mwanasaikolojia Robert Yerkes alinunua sokwe wawili wadogo, akawaita Chim na Panzee, akawalea nyumbani kwake. Aliwaona kuwa wa aina moja wenye tabia mbili. Chim alimshangaza kwa wepesi wa akili, kwa uchangamfu, na hasa kwa jinsi alivyomhurumia mwenzake Panzee alipokuwa mgonjwa. Yerkes alikiri kwamba akiyasimulia yote aliyoyaona, watu watasema anampamba mnyama kwa sifa zisizo zake. Chim alikufa mwaka 1924, na mwaka uliofuata Yerkes alichapisha kitabu ambamo anamsifu kama mtu asifuvyo mwanafunzi hodari. Baadaye ikadhihirika kwamba Chim alikuwa bonobo, na Panzee sokwe wa kawaida. Yerkes alikuwa ameiona tofauti yote, ila aliiweka katika fungu la tabia ya mtu mmoja mmoja. Jambo hili lapasa kuwafikirisha wanafunzi wetu wa taaluma za jamii: data ilikuwa sahihi, kapu la kuitia ndilo lililokosekana.

Kisha ndipo linapokuja fuvu. Mkusanyo wa Tervuren ulikuwa na mafuvu mengi yaliyotumwa kutoka Kongo, na mojawapo lilitoka kusini ya mto, pande za Befale. Lilikuwa dogo kama la mtoto, lakini mifupa yake ilikuwa imekwisha kuungana kama ya mtu mzima. Mwamerika Harold Coolidge alisimulia katika uzee wake kwamba yeye ndiye aliyeligundua jambo hilo alipotembelea makumbusho mwaka 1928, akamweleza mkurugenzi Henri Schouteden; na kwamba Schouteden akamsimulia Mjerumani Ernst Schwarz, ambaye aliharakisha kuliandika mwaka 1929. Schwarz alimwita mnyama huyo jamii ndogo tu ya sokwe. Coolidge naye, mwaka 1933, alimpandisha kuwa spishi kamili, Pan paniscus. Ugomvi wa wataalamu hawa wawili juu ya nani alitangulia umeandikwa mara nyingi, wakati mwingine kwa ladha ya hadithi za sungura na fisi. Katika masimulizi hayo Portielje hutajwa kwa nadra. Na aliyempiga mnyama huyo risasi au mshale huko Befale, akamchuna, akamjua ni nani, hatajwi kamwe.

Hata baada ya mwaka 1933 mnyama hakuwa na jina lake mwenyewe. Aliitwa sokwe mdogo, ingawa si mdogo kiasi hicho. Jina bonobo lilitoka tena katika bustani ya wanyama, safari hii Hellabrunn mjini München. Eduard Tratz na Heinz Heck waliwatazama bonobo wa huko, na mwaka 1954 wakachapisha makala wakitaka apewe hata jenasi ya peke yake. Walitaja tofauti za sauti, za umbo, na za namna ya kujamiiana. Hizi za mwisho walizieleza kwa Kilatini, kwa kuwa waliona haya kuwaambia wasomaji wa kawaida kwamba bonobo hutazamana uso kwa uso kama wanadamu. Kwa hiyo mgeni aliyesimama mbele ya kizimba aliruhusiwa kuona kile ambacho msomaji hakuruhusiwa kusoma. Makala hayo yana habari nyingine yenye huzuni. Wakati wa vita, mabomu yalipouangukia mji mwaka 1944, bonobo wa Hellabrunn walikufa wote kwa hofu ya mshindo, ambapo sokwe waliokuwa katika bustani hiyo hiyo walinusurika.

Waandishi hao walidai kwamba bonobo ni neno la wenyeji. Wanaisimu walilitafuta katika lugha za bonde la Kongo wasilipate. Dhana inayokubaliwa na wengi ni kwamba lilitokana na jina la Bolobo, mji ulio kando ya mto, lililoandikwa vibaya juu ya sanduku la kusafirishia wanyama. Watu wa Mongo, ambao wanaishi ndani ya makao yake, humwita elia. Ni neno fupi, lenye sauti nyepesi, na lilikuwapo. Aliyetaka kulijua angeuliza.

Tulinganishe na okapi. Wakazi wa msitu wa Ituri walimjua vizuri, na jina lake lilisikika kwao. Stanley alitaja mwaka 1890 habari za punda wa msituni anayenaswa katika mashimo. Harry Johnston aliwauliza Wambuti, akapata vipande vya ngozi, kisha ngozi nzima na mafuvu, na mwaka 1901 mnyama akatangazwa kwa jina lile lile la msituni, japo kwanza alidhaniwa kuwa wa jamii ya punda milia. Okapi wa kwanza aliyefika Ulaya akiwa hai aliwasili Antwerpen mwaka 1919, akaishi wiki chache tu. Kwa hiyo okapi alitoka msituni akiwa na jina, ndipo akaonwa. Bonobo alionwa kwanza, akapimwa, na mwisho akabandikwa jina la sanduku. Sababu ya tofauti hiyo, kwa maoni yetu, ni moja: Johnston aliuliza.

Miaka iliyofuata ilileta watazamaji wa namna nyingine, wenye daftari na kamera. Katika bustani ya San Diego aliishi dume aliyeitwa Kakowet, jina linalotokana na neno la Kifaransa la karanga. Alikuwa ametoka Kongo akiwa mtoto, na huko akazeeka. Mbele ya uwanja wao palikuwa na handaki la maji la kuwatenga na wageni. Siku moja walishaji walikausha handaki ili walisafishe. Walipokwenda kufungulia maji tena, Kakowet alifika dirishani akipiga kelele na kupunga mikono. Walipochungulia waliona watoto kadhaa wa bonobo wamo ndani ya handaki kavu, hawawezi kupanda. Ngazi ikateremshwa, wakatoka. Yule mdogo kuliko wote alivutwa juu na Kakowet mwenyewe. Mtafiti Frans de Waal, ambaye aliwachunguza bonobo wa San Diego katika majira ya baridi ya 1983 na 1984, alikitangaza kisa hiki pamoja na kile cha Kuni, jike wa bustani ya Twycross nchini Uingereza. Kuni aliokota ndege aliyejigonga kwenye kioo akazimia, akapanda naye juu ya mti mrefu, akamkunjua mabawa kwa uangalifu, kisha akamrusha kama mtu arushaye kishada. Ndege hakufika mbali. (Jina Kuni, kwa sikio letu, lina mambo ya jikoni.)

Kutokana na kazi za namna hii dunia ilimpokea bonobo kama mnyama wa amani, ambaye majike hushika uongozi na ugomvi humalizwa kwa mapenzi. Picha hiyo ni ya kweli kwa kiasi, lakini ni picha ya uwanja wenye wanyama kumi wasiotafuta chakula. Mwaka 1998 mtaalamu Craig Stanford aliuliza waziwazi kama wale wa kifungoni hawakutiwa chumvi. Huko msituni, Mjapani Takayoshi Kano alizunguka kwa baiskeli mwaka 1973 akiwatafuta, na mwaka uliofuata akaanza kituo cha Wamba, kwa Wangando. Huko nako, kwa miaka ishirini hivi, bonobo walivutwa karibu kwa kuwekewa miwa! Sehemu ya yale tuliyoyaita maisha ya porini ilitazamwa basi penye chakula kilichoandaliwa, jambo ambalo mlishaji wa bustani yoyote angelielewa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 ulilinganisha madume ya Kokolopori na madume ya sokwe wa Gombe nchini Tanzania, ukaonyesha kwamba madume ya bonobo hushambuliana mara nyingi zaidi, ingawa hawaonekani kufikia kuuana. Bonobo wa amani tupu hayupo tena katika vitabu vya wataalamu, ila katika magazeti.

Wangando hawakuhitaji kizimba. Wazee wao walimweleza Kano kwamba elia ni ndugu, na kwamba mila zinakataza kumla. Katazo hilo ndilo lililomwachia mtafiti wanyama wa kuchunguza. Ulinzi wa kisheria wa Hifadhi ya Luo ulifika mwaka 1990 tu. Hadithi za jinsi mtu na elia walivyokaa pamoja zamani zina ndani yake uchunguzi wa mwenendo, sauti na chakula, uliopitishwa kwa mdomo kizazi hadi kizazi. Mwanahistoria anayekubali kitabu cha mwongozo cha Artis kuwa chanzo hana haki ya kuzikataa kwa hoja kwamba hazina tarehe.

Limebaki jambo la watazamaji Wakongo katika bustani zao wenyewe. Bustani ya Kinshasa ilianzishwa mwaka 1933, mwaka ule ule wa makala ya Coolidge, nayo ilijengwa kwa jicho la mkoloni kama ilivyojengwa miji. Baada ya uporaji wa mwaka 1991 na wa Januari 1993 wanyama wake waliteseka kwa njaa, kama walivyoteseka wenye mji. Wakati huo Claudine André, aliyekuwa akijitolea kuwalisha, alipokea bonobo mdogo, Mikeno, huku akionywa kwamba bonobo hawaishi mikononi mwa watu. Mikeno aliishi. Kutokana na kazi hiyo yakapatikana makimbilio ya yatima yanayoitwa Lola ya Bonobo, ambayo tangu mwaka 2002 yako kando ya mto Lukaya, nje ya Kinshasa. Hapo akina mama wa mji huwabeba watoto wa bonobo mgongoni na kuwasemesha Kilingala, na wanafunzi wa shule huja kwa makundi kutazama. Waliowaua mama wa yatima hao waliwauza kama nyama. Watoto hao wa shule wanatoka katika mji ule ule ulionunua nyama hiyo, na hilo ndilo linaloupa utazamaji wao uzito ambao Jumapili za Amsterdam hazikuwa nao.

Mwaka 2009 kundi la yatima waliokua lilirudishwa msituni karibu na Basankusu, katika mkoa wa Équateur, kwa makubaliano na wenyeji wa mahali pale, ambao ni Wamongo. Msitu huo ukapewa jina la Ekolo ya Bonobo, yaani nchi ya bonobo. Neno la sanduku limerudi kwenye makao ya elia, limepewa sarufi ya Kilingala, na wazee wa vijiji sasa hulazimika kulitumia wanapozungumza na wageni.